Nusu ya Mbele ya Mtumbwi

Fomu ililetwa na kijana wa baiskeli, kama vinavyoletwa vitu vyote vya kunitia hasara hapa Ifakara. Mji huu kila kitu huja kwa baiskeli: mkaa, kambale, mgonjwa, na kadi ya harusi yenye kiwango cha mchango ambacho mtu ameshakupangia bila kukuuliza. Kijana alivaa fulana nyeupe yenye picha ya nanga kifuani. Nikajua moja kwa moja. Mtu akikujia na nanga Ifakara, huku bahari hata harufu yake hatuijui, shika mfuko.

"Shikamoo mzee. Wewe ni mmiliki wa chombo?"

Nilitaka kumjibu kwamba vyombo viko jikoni, mwenyewe ni mama watoto. Nikajizuia. "Nina mtumbwi," nikasema. "Yaani nina nusu."

"Basi wewe ni mdau," akasema, kalamu keshaitoa.

Hapo ndipo nilipoogopa. Ukiniita ndugu, najua unakopa. Ukiniita mheshimiwa, najua unanicheka. Ukiniita mdau, kuna ada. Na kweli ilikuwepo: kiingilio shilingi 10,000, na shilingi 15,000 kila mwaka, ili niwe mwanachama wa chama cha kitaifa cha wenye vyombo vidogo vya majini. Jina lake kamili sitaliandika, maana ni refu kuliko mtumbwi wenyewe na safu hii ina mipaka.

Niueleze kwanza huo mtumbwi. Mimi si mvuvi. Kambale namfahamu akiwa kwenye sahani. Mtumbwi tuliununua mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, enzi za pantoni pale Kivukoni. Aliyesafiri kwenda Mahenge enzi hizo anakumbuka: malori yamepanga foleni, kuku wanapiga kelele kwenye matenga, na pantoni limesimama ng'ambo ya mto kama mtu unayemdai, hajui atakusalimia vipi. Pantoni likiharibika, mitumbwi inakula. Tukapiga hesabu tukaona utajiri. Mimi nikatoa nusu ya bei, yeye nusu. Kwa kuwa mtumbwi haukatwi kama mkate, tukakubaliana kwa maneno kwamba nusu ya mbele ni yangu, ya nyuma yake. Tangu siku ile, kila ufa unaotokea hutokea mbele.

Utajiri wenyewe haukukaa. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kikapinduka usiku kwenye dhoruba, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kuzungumzia biashara ya kuvusha watu tena, hata sisi. Mei 2018 Rais Magufuli akaja kufungua daraja, mita 384, likapewa jina lake. Nilipiga makofi. Nilipiga kwa dhati, nina ndugu Lupiro waliowahi kulala Kivukoni na mgonjwa wakisubiri kuche. Lakini nikiwa napiga makofi nilimwona shemeji amekunja mikono, anaangalia zile nguzo kama mtu anayesoma hukumu.

Siku hizi mtumbwi unafanya kazi masika, maji yakishatapakaa bondeni na njia za mashambani zimekuwa mito. Unatoa mpunga upande wa Minepa hadi pale gari linapofika. Miezi mingine unakodishwa kwa wavuvi, wanaolipa kwa perege na visingizio.

Turudi kwenye fomu. Usiku ule tuliiweka mezani, tukasogeza taa.

Urefu wa chombo. Hatukuwa na futi ya fundi seremala, tukaazima ile tepu ya cherehani ya jirani. Yule mama akauliza, "Mnampima nani?" Shemeji akajibu, "Mnene mmoja hivi." Tepu ina sentimita 150. Tukaipeleka alfajiri mtoni, mimi nimeshika mwanzo na yeye mwisho, tukaipindua mara nne na kitu, tukagombana ile ya tatu ilianzia wapi, tukaandika mita 6.4. Shemeji alisisitiza kwamba katika hizo, tatu na nusu ni zake.

Rangi ya chombo: ya mti.

Jina la chombo. Mimi ni Yanga, yeye Simba. Tukaacha wazi.

Aina ya injini: shemeji. Nguvu za farasi: hapo niliweka kistari, akanuna. Nikafuta nikaandika 1, akanuna zaidi.

Bandari ya nyumbani: chini ya mwembe, Kivukoni.

Vifaa vya uokoaji. Tunayo madumu matatu ya mafuta ya kula, ya lita 20, matupu, yamefungwa kamba. Anayeanguka anakumbatia dumu. Najua ukaguzi wa usalama wa vyombo vidogo uko chini ya TASAC tangu 2018, na jaketi okozi si pambo. Mwaka huu tutanunua, nimeshasema mbele ya mashahidi. Ila fomu haikuuliza tutanunua lini, iliuliza tunacho nini, tukaandika "madumu (3)".

Kisha ikaja sehemu ya mmiliki. Mstari mmoja. Jina moja. Tukatazamana.

Nikaona afadhali tuanze na faida, tujue kama inafaa kugombana. Faida zilipangwa kwa nukta nzuri nyeusi. Kitambulisho chenye picha. Jarida. Uwakilishi katika ngazi ya taifa. Na punguzo katika hoteli za ufukweni. Hii ya mwisho niliisoma mara mbili. Mimi ufukwe ninao. Una matete, una mbu, una kiboko anayetoka saa kumi na mbili jioni kama mlinzi anayeingia zamu, na sijawahi kulipishwa hata senti.

Uwakilishi nao ulinipa shida. Bonde letu hili la Kilombero liliingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kimataifa! Miaka yote hiyo nimekuwa mkazi wa kimataifa na sijaona jarida hata moja. Sasa nishuke daraja niwe wa kitaifa, tena kwa kulipia? Njia pekee ninayoijua ya mtumbwi wangu kuwa wa kitaifa ni kamba ikatike usiku. Utateremka peke yake, Kilombero ikutane na Luwegu, iwe Rufiji, na kama haukuvunjika kwenye maporomoko utajikuta kwenye bwawa la Julius Nyerere, penye mitambo ya megawati 2,115. Hapo kweli nitahitaji mwakilishi.

Na si kwamba nina njaa ya vyama. Ninacho chama cha kuzikana, ambacho ndicho pekee chenye huduma ya uhakika, ingawa hakuna mwanachama aliyewahi kurudi kusema ameridhika. Nipo VICOBA. Nipo kwenye ushirika wa mpunga. Nipo kwenye kamati za harusi ambazo nadhani zinarithishana daftari moja lenye namba yangu. Leseni na usajili ni sheria, mtu analipa ananyamaza. Lakini kijana wa nanga alisema hii ni "kwa hiari", na mimi hela ya hiari hunitoka kwa shida kuliko ya lazima.

Nikampigia mpwa wangu, aliyeko Uingereza, Southampton, mji wa mashua. Nilitaka aniambie wenzetu wanapata nini.

"Shikamoo mjomba. Huku kuna RYA, Chama cha Kifalme cha Mashua."

"Cha lini?"

"1875."

Nikatulia kidogo kuipima hiyo. Miaka kumi kabla Wajerumani hawajatutangazia ulinzi ambao hatukuwaomba, hawa walishakaa kikao cha mashua, na kumbukumbu zimesomwa na kuthibitishwa.

"Na wanakupa nini?"

"Jarida, mjomba. Ushauri wa sheria. Punguzo la vitu. Na wanaisemea michezo ya mashua serikalini."

"Mashua yako ikoje?"

"Sina mashua, mjomba. Nina kadi."

Ila alinitajia jambo moja lililoniingia. Kule Marekani kuna chama cha BoatUS, cha tangu 1966. Mwanachama injini ikimfia majini, au mafuta yakikata, anapiga simu. Inakuja boti nyekundu, inamfunga kamba, inamvuta mpaka gatini. Haulizwi maswali mengi. Ndiyo maana ya kadi.

Usiku ule sikulala vizuri kwa ajili ya ile boti nyekundu, na sababu ni kisa cha masika iliyopita.

Tulikuwa tunatoka upande wa Minepa na magunia manane ya mpunga wa dada wa mke wangu. Mimi nilikuwa mbele, kwenye mali yangu, nachota maji kwa kopo. Shemeji nyuma na upondo. Tukakata njia ya mkato, kwa ushauri ambao kila mmoja hadi leo anasema ulikuwa wa mwenzake, tukaingia kwenye matete, na mtumbwi ukakaa. Upondo ukazama kwenye tope ukang'ang'ania huko. Jua linazama. Kiboko akapumua mahali fulani, ile pumzi ya mtu mzito anayekaa kwenye kochi. Tukapiga kelele.

Akatokea mzee mmoja, Mndamba, amesimama wima kwenye kimtumbwi chembamba kama ganda la ndizi, sigara mdomoni, kafi mkononi, wala hana haraka. Akatuzunguka mara moja. Akatuzunguka mara ya pili. Kamba anayo, tunaiona, imejikunja pale miguuni pake. Hakuigusa.

"Nani amewafundisha kupakia hivi?"

Hatukujibu.

"Mzigo wote mbele. Nani yuko mbele?"

"Shemeji," akasema shemeji, upesi kabisa.

Tukapewa somo la nusu saa. Kuhusu mzigo, kuhusu maji, kuhusu watu wa mjini, kuhusu babu yake aliyechonga mitumbwi ya mvule kwa tezo na hakuna hata mmoja uliokwama. Sisi tumekaa, kiboko anapumua, mbu wanakula. Ndipo akatupa kamba. Alituvuta hadi nchi kavu kama anavuta jani. Malipo yalikuwa sado mbili za mpunga, bei ya haki, silalamiki.

Kinachoniuma ni kilichofuata. Tulipofika nyumbani, saa tatu usiku, tope hadi magotini, mama mkwe alikuwa amekaa barazani na habari yote anayo. Yote. Hadi swali la nani alikuwa mbele. Yule mzee kumbe anafahamiana naye tangu ujana, na sijui ujumbe ulipita wapi ukatutangulia. Kesho yake kijiweni Kibaoni nilipokelewa kwa wimbo. Mwezi mzima nikiagiza kahawa, muuzaji ananiuliza aiweke mbele au nyuma.

Kwa hiyo nilipofikiria ile boti nyekundu nikaona thamani ya uanachama ni nini hasa. Mto huu hauna upungufu wa waokoaji. Piga kelele popote bondeni, mtu atakuja. Tatizo ni kwamba atakayekuja anakujua. Mimi nipo tayari kulipa shilingi 15,000 kila mwaka nivutwe na mtu mgeni, mwenye sare, asiyemfahamu mama mkwe wangu, anayenifunga kamba akaniambia "pole mteja" na kuondoka zake.

Ijumaa kijana wa baiskeli akarudi. Nikamuuliza hilo tu. "Nikikwama kule Minepa jioni, mtakuja kunivuta?"

Alipekua karatasi zake, mbele, nyuma. "Mzee, hilo lipo kwenye mpango mkakati."

"Atakayekuja atatoka wapi?"

"Tutatumia wanachama wa eneo husika." Akafungua daftari. "Hapa Kivukoni tunaye mmoja tayari, mzee mmoja mzoefu sana wa mto." Akanisomea jina.

Wewe msomaji umeshajua ni nani.

Nilikuwa namrudishia fomu yake pale pale, ila mama watoto, aliyekuwa anapepeta mchele kana kwamba hasikii, akanyanyua kichwa. "Mwanangu, na huo mkutano mkuu unafanyikia wapi?"

"Dodoma, mama."

"Kuna posho?"

Kijana alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Nauli, malazi siku mbili, na bahasha. Mjumbe mmoja kwa kila chombo.

Mmoja kwa kila chombo. Tangu siku hiyo nyumba haina amani. Shemeji anasema nahodha hukaa nyuma dunia nzima, kwa hiyo anayekwenda Dodoma ni nusu ya nyuma. Mimi nasema inayofika kwanza ni nusu ya mbele, muulize mtu yeyote aliyewahi kutia mtumbwi gatini. Fomu ipo kabatini, imewekewa kopo la sukari juu, mstari wa mmiliki bado mweupe. Wiki hii mvua imenyesha, ufa umefunguka, mbele kama kawaida, nikatoa 12,000 za lami na fundi, na yeye hakuchangia hata njiti ya kiberiti.

Jana nikipita duka la picha pale Kibaoni nilimwona shemeji kupitia dirishani. Amekaa kwenye kile kigoda, kidevu juu, pazia la buluu nyuma yake, anapigwa pasipoti saizi. Amevaa jaketi okozi la rangi ya chungwa, jipya, bado lina lebo. Sijui kaliazima kwa nani.