Jambazi Mwenye Sarufi

Spacetoon ni kituo cha televisheni cha katuni kwa Kiarabu, kilichoanza kurusha matangazo mwaka 2000. Vipindi vyake vimepangwa kwa "sayari": ya michezo, ya vichekesho, na Zomoroda ya wasichana, kana kwamba msichana akitaka mpira ni lazima apande roketi. Katuni nyingi ni za Kijapani, zilizotiwa sauti ya Kiarabu jijini Damascus, Syria.

Katika safari hiyo ya kuhamia Uarabuni, Tsubasa, kijana wa kandanda, alipata uraia bila kujaza fomu: akawa Kapteni Majid. Uwanja wake haukuguswa. Bado mtu hukimbia humo kipindi kizima asilione goli. Mkasi wa udhibiti ulikuwa na kazi kwingine. Wapenzi walilala wakiwa wachumba wakaamka ndugu, na pombe ikageuka juisi.

Lugha yenyewe ya katuni hizo ni Kiarabu fasaha, cha vitabuni. Jambazi wa katuni huchomoa upanga, humtukana adui kwa irabu zote za mwisho wa neno, ndipo akate. Mtoto wa Cairo akienda kuomba peremende kwa lugha hiyo, mwenye duka hudhani kaja mkaguzi. Na aliyemtilia jambazi sauti, akitoka studio, hununua mkate kwa Kiarabu cha mtaani.