Fundi wa Kasi

Hongera, fundi! Kasi ya C haikukutosha, ukapachika asembli humo humo. Umenakili `mov eax, ebx` ya mtindo wa Intel, ukaikabidhi GCC, ambayo kwa kawaida hufuata mtindo wa AT&T: chanzo kwanza, kipokezi baadaye, na rejista lazima ivae alama ya asilimia. Isipovaa, asembla huidhani anwani ya kumbukumbu, kisha hulalamika kuwa anwani zimezidi. Nawe ukaitukana kompaila, ambayo maagizo hayo haikuyasoma, iliyapitisha tu.

Sasa umerekebisha mtindo, asembla imenyamaza, unashangilia. Rejista uliyoivuruga, je, umeitangaza kwa kompaila? Hujaitangaza. Haya, washa uboreshaji wa `-O2`, tena kwenye programu ya mishahara, ukianza na wako.