Mume wa Oma

Kijana wa Kijerumani akija Tanga kujitolea, mtaa mzima hupata burudani ya bure. Tunamtazama anavyopambana na ugali kwa vidole vyote kumi, anavyokula embe kwa kisu na uma, anavyompa shikamoo mtoto wa chekechea. Wamekuwa wakija tangu mpango wao wa weltwärts ulipoanza mwaka 2008, na sisi wa mtaa wa Ngamiani tumewacheka mpaka tukawazoea. Mwaka 2013 mpango ukafungua mlango wa upande wa pili: vijana wa kwetu nao wakaanza kwenda Ujerumani kujitolea kwenye chekechea, nyumba za wazee na vituo vya watu wenye ulemavu. Zamu ya kuchekwa ikahama.

Mimi niliangukia kijiji kimoja karibu na Tübingen, kusini-magharibi, kwa Waswabia, watu ambao Wajerumani wenzao huwatania kwa ubahili na usafi. Nilipangiwa chekechea. Kazi haikunisumbua, watoto ni watoto, wanakojoa kwa lugha moja dunia nzima. Kilichonitoa jasho ni nyumbani, kwa familia iliyonipokea.

Tuanze na njaa. Jioni niliyofika, saa kumi na mbili kamili, meza iliandaliwa mkate mweusi, jibini, siagi, matango ya siki na soseji, kila mtu na kibao chake cha mbao. Soseji za nguruwe nikazipita. Nikajua hivi ni vya kutuliza tumbo wakati wali unaiva, basi nikachukua kipande kimoja cha mkate, nikakila kwa adabu. Baba mwenye nyumba akaniuliza kama nitaongeza. Nikajibu nilivyolelewa: asante, nimeshiba.

Kwetu, mgeni akisema ameshiba ndiyo kwanza mazungumzo yanafunguliwa. Mwenyeji anatakiwa aape kwamba hujala kitu, akuulize kama chakula kimekushinda, halafu akupakulie kwa nguvu huku wewe ukiziba sahani kwa mkono usio na nia. Baba wa watu akasema "sawa", akaondoa kikapu cha mkate. Hakukuwa na wali wowote uliokuwa ukiiva. Chakula cha moto huko ni cha mchana, na kilikuwa kimeshaliwa nikiwa bado kwenye treni. Usiku ule nilitafuna korosho nilizowaletea zawadi.

Jambo jingine lilikuwa namna ya kuwaita wenyeji wangu. Ni watu wa rika la wazazi wangu, nao wakanisihi niwaite kwa majina yao ya kwanza, hivihivi makavu. Ulimi ukagoma. Nikajaribu "Mama", binti yao wa darasa la kwanza akaweka kijiko chini, akanifahamisha kwamba yule ni mama yake, wangu yuko Afrika. Hoja haikuwa na majibu. Nikaamua kutowaita kabisa. Nikiwa na shida na mama mwenye nyumba, nilizunguka chumba mpaka nijitokeze mbele ya macho yake, au nilikohoa. Wiki zikapita nakohoa. Wakaninunulia dawa ya kifua, wakaniletea chai ya majani inayonuka kama shamba la mikaratusi, wakanifunga skafu.

Habari za kutenganisha takataka siziingii, maana kila aliyewahi kuishi Ujerumani anazo zake. Itoshe kusema kwamba kopo moja la mtindi linaweza kuzikwa makaburi mawili.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Waswabia hawasubiri ya tatu. Asubuhi moja nilikuta kibao kimetundikwa kwenye kitasa cha mlango wetu. Hiyo ni Kehrwoche, zamu ya usafi: wiki hiyo wanaoishi nyuma ya mlango huo wanafagia na kupiga deki ngazi za nyumba nzima na njia ya mbele, kisha kibao kinahamia kwa jirani. Si mambo ya jana. Sheria ya mji wa Stuttgart ya mwaka 1492 ilikwishawaamuru watu waondoe uchafu wao kila wiki. Yaani Columbus yuko baharini anapotea, wenzake huku wanaulizana leo zamu ya nani.

Wenyeji wangu walikuwa kazini. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha malezi. Nikajaza ndoo, nikakunja suruali, nikafanya tunavyofanya uani kwetu: nikamwaga. Uani kwetu maji yana pa kwenda. Yanafuata mfereji mpaka kwa jirani, yanakuwa shida yake. Ngazi za Kiswabia hazina mfereji. Chini yake kuna mlango, na nyuma ya mlango huo alikuwepo mama mzazi wa baba mwenye nyumba, na sakafu yake ya mbao.

Akafungua. Maji yakapita katikati ya kandambili zake za manyoya yakaelekea kwenye zulia. Akayasindikiza kwa macho, akanitazama mimi na suruali yangu iliyokunjwa, akasema neno moja la Kiswabia ambalo darasa langu la Kijerumani halikuwa limelifikia. Halafu akaleta matambara mawili, moja langu moja lake. Bibi wa watu akapiga magoti pamoja nami. Tulipomaliza kukausha akanipandisha juu na kuanza kunifundisha: tambara linakamuliwa mpaka tone la mwisho, unaanza ngazi ya juu unashuka kinyumenyume, na kwenye kona, pale ambapo ufagio haufiki, unaingiza kidole kilichovikwa kitambaa. Kila kona. Alikagua kwa kidole chake mwenyewe, miwani ikiwa puani.

Huyu alikuwa Oma, yaani Bibi, na kila mtu alimwita hivyo, mjukuu, mkwe, hata mleta barua. Nami nikamwita Oma. Kikohozi kikapona.

Sasa bibi na mjukuu kwetu ni watani, na mtani akikaa bure bila kutaniwa ni dhuluma. Nikamweleza, kwa Kijerumani cha kuungaunga, kwamba kwa desturi yetu bibi humwita mjukuu wa kiume "mume wangu", na asipokuja kumsalimia anadaiwa talaka. Oma akanisikiliza bila kucheka. Zamu yetu ilipozunguka tena, sauti ikapanda ngazini nyumba nzima ikasikia: mume wake yuko wapi, mbona kona zina vumbi?

Mwanawe akatoka na kikombe cha kahawa mkononi. Akaniuliza, kwa uangalifu sana, kama kuna jambo anapaswa kulifahamu. Nikamwambia tangu leo aniheshimu, mimi ni baba yake. Alicheka mpaka akakaa chini, na ngazi zilikuwa bado mbichi. Tangu hapo ananiita baba, nami namwita mwanangu, jina ambalo ulimi wangu hauna ugomvi nalo. Yule binti alipiga hesabu kimyakimya, akagundua kwamba basi mimi ni babu yake, akaja kudai hela ya pipi.

Oma pia ndiye Mjerumani pekee niliyekutana naye asiyeamini "nimeshiba". Alinipikia Maultaschen, maandazi ya nyama ya kuchemsha ambayo Waswabia husimulia kuwa yalibuniwa na watawa, ili wale nyama wakati wa Kwaresima Mungu asiione. Yangu aliyajaza mchicha peke yake. Mungu aangalie tu. Nami nikalipa kwa dagaa wa Kigoma, niliokuwa nimewaficha chini ya begi. Ilikuwa Januari. Nilipowatia kwenye mafuta, madirisha yote yalifunguliwa kwa pamoja, tukala tumevaa makoti. Oma akaomba kichwa cha mwisho. Mwanangu alikula mkate.

Jumapili nilizimalizia kwake, dirishani. Siku hiyo Ujerumani hupumzika kwa amri: kukata majani kwa mashine karibu na makazi ya watu ni marufuku, na hata chupa tupu haziruhusiwi kutupwa kwenye kontena la barabarani, zisiwasumbue watu. Siku moja mwishoni mwa majira ya baridi tulisikia mlio wa vioo, kah, kah, kah. Oma akavuta pazia. Ni jirani wa nyumba ya pili, na kikapu kizima cha chupa za mvinyo, mchana kweupe.

"Na leo Jumapili!" nikasema mimi, kabla yake.

Oma akanigeukia, akanipiga paja kwa furaha, akanisogezea kiti nione vizuri. Tukakubaliana kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu. Jirani mwenyewe ana wajukuu wanne.