Ushauri kwa Wenye Kriki na Wakwe Zao

Jeki ya haidroliki ni chombo cha kuinulia gari kwa nguvu ya mafuta yaliyofungiwa ndani ya silinda, na katika Kirotshe, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kama ilivyo Goma na Bukavu, watu huiita kriki kwa kufuata Kifaransa. Kwa kuwa Barabara ya Taifa namba 2, inayotoka Goma kupitia Sake na Kirotshe hadi Minova, hutoboa matairi bila kubagua tajiri na maskini, chombo hicho kimetoka garaji na kuhamia majumbani, ambako pamoja na manufaa yake kimeleta ugomvi wa aina mpya. Safu hii imeyapokea malalamiko matatu, na inayajibu kwa utaratibu wa kitaalamu unaostahili mambo mazito ya nyumbani.

Lalamiko la kwanza: kriki iliyologwa

Mwenye Land Cruiser mmoja anadai kwamba kriki yake, ambayo hunyanyua gari vizuri kwenye sakafu ya saruji mbele ya kanisa, ikifika uani kwake huzama ardhini na kuliacha gari palepale, na kwa kuwa jambo hilo lilianza wiki ileile alipokataa kumpeleka mama mkwe Sake bila nauli, anauliza kama aende kwa mama mkwe kuomba radhi au aende kwa mganga.

Jibu: Uchunguzi unaonyesha kwamba mama mkwe hahusiki. Kriki ya chupa, yaani ile inayosimama wima mithili ya chupa, ikiwa na kitako cha sentimita 10 kwa 10 na kubeba kilo 1000, huikandamiza kila sentimita ya mraba ya ardhi kwa kilo 10, uzito ambao saruji huubeba bila taabu lakini udongo uliolowa mvua ya Aprili huukimbia. Ubao mgumu na mnene wa sentimita 30 kwa 30 ukiwekwa chini ya kitako, mzigo uleule hutandazwa juu ya sentimita za mraba 900, na kila moja hubaki na kilo 1 na ushei. Mlalamikaji anashauriwa pia ashushe kwanza magunia ya viazi yaliyomo garini, kwa sababu tani zilizoandikwa kwenye kriki ni ahadi ya kiwanda, na magunia hayakuwemo katika ahadi hiyo. Kisha achague mahali tambarare, avute breki ya mkono, aweke gia ya kwanza, ayazuie kwa kabari magurudumu yatakayobaki chini, na alegeze nati kidogo kabla gurudumu halijaondoka ardhini. Kuhusu mama mkwe, apelekwe Sake bure, si kwa ajili ya kriki bali kwa ajili ya amani.

Lalamiko la pili: mume aliye chini ya gari

Mama mmoja anaeleza kwamba kila Jumapili baada ya misa mumewe hujilaza chini ya gari lililoinuliwa kwa kriki peke yake, na akionywa hujibu kuwa chombo kilichotengenezwa ng'ambo hakiwezi kushindwa na gari lililotengenezwa hukohuko. Anauliza kama hoja hiyo ina msingi.

Jibu: Hoja hiyo ina ufasaha, msingi haina. Kriki hutumia kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, kwamba mkandamizo unaotiwa kwenye kimiminika kilichofungiwa huenea sawasawa kila upande: pistoni ndogo yenye kipenyo cha sentimita 1 ikiyasukuma mafuta chini ya pistoni kubwa yenye kipenyo cha sentimita 4, nguvu huongezeka mara 16, na mpini mrefu ukiizidisha mara 10 nyingine, mkono unaosukuma kwa kilo 15 huinua kilo 2400. Hata hivyo, uzito wote huo umekalia mafuta yasiyojaza glasi moja, nayo yamezuiwa na vali ndogo pamoja na sili, yaani pete ya mpira inayoziba mwanya kati ya pistoni na silinda, na pete hiyo haina desturi ya kutoa taarifa kabla ya kuchanika. Kriki huinua, haishiki. Kinachoshika ni stendi, yaani kigoda cha chuma kinachowekwa chini ya chasisi au ekseli, gari likashushwa taratibu mpaka likikalie, kisha likatikiswa kwa mikono kabla ya mtu yeyote kuingia chini. Mawe ya volkeno yasichukue kazi hiyo: yale yaliyoachwa upande wa Sake na lava ya mlima Nyamulagira, iliyofika Ziwa Kivu katika mlipuko wa 1938 hadi 1940, hujenga ukuta wa kupendeza, lakini yamejaa matundu ya gesi, na jiwe lenye matundu likibanwa mahali padogo hupasuka ghafla.

Mama anashauriwa asibishane tena, bali amwombe mumewe ailaze redio yake mpya chini ya gari hilo kwa saa moja. Akikataa, atakuwa ameijibu hoja yake mwenyewe.

Lalamiko la tatu: shukrani ya jirani

Kijana mmoja aliazimisha kriki, nayo ikarudi imejazwa mafuta ya breki kama shukrani. Tangu hapo gari likiinuliwa hushuka lenyewe polepole.

Jibu: Mafuta ya breki huzivimbisha na kuzilainisha sili za kriki, ambazo zilitengenezwa kwa ajili ya mafuta ya haidroliki, kwa hiyo shukrani hiyo imwagwe yote, sili zibadilishwe, na kriki ijaribiwe kwa gari tupu ambalo hakuna mtu chini yake. Jirani asinyimwe kriki, maana atakayenyimwa atatumia jiwe. Ila aipokee pamoja na stendi, ubao na kabari, kama chungu kinavyoazimwa na kifuniko chake. Akilalamika kwamba mizigo imezidi, yule mama mkwe wa lalamiko la kwanza, ambaye sasa anasafiri bure, anaweza kumfikishia.