Dola Mia kwa Jina la Mtu: Tuhesabu Kurudi Nyuma

Januari 1972 mashabiki wa tamthilia ya Star Trek walikutana hotelini New York. Waandaaji walitarajia watu mia chache, wakafika maelfu. Tangu hapo matamasha ya mashabiki yamekuwa biashara kamili, na duka lenye foleni ni meza ya saini. Unalipa kiingilio, unapanga mstari, unalipa tena, ili mtu mzima aandike jina lake mwenyewe, kazi aliyoimudu tangu darasa la kwanza. Ukiamua kuingia foleni hiyo, chukua haya saba.

7. Staa hagusi hela.
Pembeni yake ameketi msaidizi mwenye kisanduku. Staa anauliza, "Hujambo, umetoka wapi?" Msaidizi anauliza, "Keshi au kadi?" Kazi imegawanywa vizuri.

6. Bei ina ngazi.
Picha ya mezani ina bei yake. Kofia ya chuma uliyotoka nayo nyumbani, bei nyingine. Selfi, nyingine. Ukitaka akuandikie ile sentensi maarufu ya filamu, ongeza noti, na usishangae akiiandika huku amekunja uso: katika filamu ya Galaxy Quest (1999) Alan Rickman anaigiza staa aliyeichoka sentensi moja ambayo mashabiki wanamdai kila aendako. Jina lako, mara nyingi, utaandikiwa bure. Si ukarimu mtupu huo. Picha iliyoandikwa "Kwa Mwanakombo" haimfai mlanguzi. (Akina Mwanakombo, andikeni jina kwenye kikaratasi kwa herufi kubwa. Mtanishukuru.)

5. Mwenye presha si wewe.
Mastaa wakubwa huhakikishiwa kiasi fulani kabla hawajapanda ndege. Meza isipofikisha, mwandaaji anajazia. Ukimwona mtu mwenye beji shingoni anaitazama foleni fupi huku anafuta jasho, mpe pole.

4. Ukikwepa foleni, utakutana na mafundi.
Mwishoni mwa miaka ya 1990 FBI iliendesha msako wa saini bandia ulioitwa Operation Bullpen. Miongoni mwa vilivyopatikana ni mipira ya besiboli yenye saini ya Mama Teresa. Mama Teresa! Kati ya wagonjwa wa Kolkata na sala za alfajiri, eti alipata nafasi ya kusaini mipira. Hata ukinunua kwa mlango halali, hujasalimika. Mwaka 2022 mchapishaji wa mwanamuziki Bob Dylan aliuza nakala za kitabu chake kwa dola 599 moja, kila nakala ikiwa na barua ya kuthibitisha saini. Mashabiki wakalinganisha picha zao: saini zilifanana mno. Kumbe mashine. Wanunuzi wakarudishiwa fedha, na Dylan akaomba radhi, akitaja kizunguzungu miongoni mwa sababu. Nani asingepata kizunguzungu mbele ya mamia ya vitabu? Mark Hamill, yule Luke Skywalker wa filamu za Star Wars, naye alitumia muda mwingi Twitter akiwaambia watu saini zipi ni zake na zipi za wajanja. Kwa hiyo anayelipia kuuona mkono ukiandika si mjinga kama tunavyodhani.

3. Wengine hawauzi.
Mwaka 2008 mwanamuziki Ringo Starr alitangaza kwamba baada ya Oktoba 20 hatasaini tena chochote kitakachotumwa kwa posta, kitatupwa. Alilisema hilo huku akitutakia amani na upendo. Steve Martin yeye aliwahi kuwagawia watu kadi iliyochapwa, ikithibitisha kwamba wamekutana naye na wamemwona mcheshi. Cheti cha ucheshi, kimetolewa na mcheshi mwenyewe.

2. Nenda kwa waliovaa vinyago.
Hapa ndipo ningepeleka pesa yangu. Katika filamu hizohizo za Star Wars, David Prowse alivaa vazi la Darth Vader, lakini sauti tuliyoisikia ni ya James Earl Jones. Jeremy Bulloch alikuwa Boba Fett, maneno machache na kofia usoni, kisha akawa mgeni wa matamasha kwa miaka mingi. Foleni za watu wa aina hii ni fupi, bei zao za kibinadamu, na hadithi za nyuma ya kamera wanazo tele.

1. Wino ni kisingizio.
Kinachouzwa ni nusu dakika ya kutazamwa. Na tusijifanye tunashangaa. Kwenye ukumbi wa taarab mama anainuka na noti, anacheza taratibu mpaka jukwaani, anamtunza mwimbaji, na mbaya wake aliye meza ya tatu anaona kila hatua. Hakuna anayemwita kichaa. Wenzetu wa Marekani wamebandika bei ukutani na kuondoa mbaya wa meza ya tatu, hasara kubwa kwa maoni yangu. Basi pangilia usemi wako mapema, maana ukifika mezani ulimi utakwama, utasema "nakupenda sana" kama walivyosema wote mbele yako, atajibu asante, na msaidizi ataita: "Anayefuata!"