Mhadhara wa Chungwa: Misingi ya Kufundisha Kiingereza kwa Sayansi na Michezo, kama Ilivyobainishwa na Mtaalamu Mwenyewe

Ufundishaji wa Kiingereza kwa njia ya sayansi na michezo ni taaluma yenye matawi mengi, na Mtaalamu anayetoa mhadhara huu, ambaye alithibitishwa kuwa mtaalamu na jopo la mjumbe mmoja lililoketi sebuleni kwake, ameyapanda yote. Kwa neno Kiingereza humaanishwa hapa ile lugha ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma nchini Tanzania hujifunza kama somo, huku hesabu na sayansi akizipata kwa Kiswahili, na ambayo siku aingiapo kidato cha kwanza hugeuka ghafla kuwa mlango wa karibu kila somo, ufunguo wake ukiwa umebaki kwa mtu mwingine. Kwa neno mchezo humaanishwa shughuli yoyote ambayo mtoto huifanya bila kulazimishwa, mpaka pale mwalimu anapoiandikia malengo mahususi.

Nguzo ya nadharia nzima ni chungwa. Chungwa lenye ganda likitiwa katika beseni la maji huelea, na likimenywa kwa kawaida huzama, ingawa limepungua uzito, jambo ambalo huwaduwaza watoto na liliwahi kumduwaza Mtaalamu pia kabla hajawa Mtaalamu. Sababu ni kwamba ganda lina vishimo vingi vyenye hewa, na hewa hiyo hupunguza densiti ya tunda zima, yaani kiasi cha tungamo kilichomo katika ujazo fulani. Ganda likiondoka, kinachobaki kina densiti inayozidi ya maji. Kanuni ya kuelea ilielezwa na Archimedes wa Syracuse katika karne ya 3 kabla ya Kristo, ila yeye hakufikiria kuitumia kufundishia Kiingereza, na pengo hilo ndilo ambalo mhadhara huu unaliziba.

Manufaa ya chungwa kwa lugha ni dhahiri. Maneno «float» na «sink» hayahitaji tafsiri, kwa kuwa maana yake imo ndani ya beseni na kila jicho linaiona. Mwanafunzi akitakiwa kubashiri kabla chungwa halijaachiwa, hulazimika kutumia wakati ujao. Akitakiwa kueleza baadaye, hulazimika kutumia wakati uliopita na kutoa sababu. Na kwa kuwa amekwisha kubashiri mbele ya wenzake, matokeo humhusu, na hapo ndipo jaribio hugeuka mchezo.

Darasa lililofanyiwa utafiti, hata hivyo, lilivuruga matokeo. Chungwa lilipozama, mtoto mmoja aliruka akapiga kelele, «Limesinki!» Uchambuzi wa tamko hilo unaonyesha kwamba mtoto alikuwa amekitambua kitenzi cha Kiingereza kwa maana yake sahihi, akakipa kiambishi cha ngeli inayostahili chungwa, akakipa wakati timilifu unaostahili tukio lililotoka kutokea, akakimalizia kwa irabu kama lugha yake itakavyo, na akawa sahihi pia kifizikia. Kwa makosa hayo yote alinyang'anywa alama mbili.

Kosa kubwa zaidi lilitokea katika kona ya nyuma, ambako binti mmoja alisikika akimnong'oneza mwenzake kwa Kiswahili kwamba ganda ni kama boya, na likivuliwa chungwa linabaki kama mtu asiyejua kuogelea. Mwenzake aliitikia kwa kichwa, kisha akaandika sentensi tatu za Kiingereza zisizo na dosari. Mtaalamu ameuorodhesha mnong'ono huo chini ya kelele, na anashauri kirejeshwe kile kibao cha zamani cha kumvisha shingoni anayekutwa akizungumza lugha isiyotakiwa. Anashauri vilevile kwamba Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 1990, ibaki kabatini na kabati lifungwe, kwani mwanafunzi akigundua kwamba «photosynthesis» ni usanisinuru tu, hofu humtoka, na bila hofu nidhamu ya taaluma hulegea.

Ni kweli kwamba maneno marefu siyo yanayosumbua zaidi, na hili Mtaalamu analikiri kwa shingo upande. Yanayosumbua ni mafupi yenye sura ya kawaida, kama «work», ambalo mtaani ni kazi yoyote lakini katika fizikia ni kani mara umbali ambao kitu kimesogea kuelekea upande wa kani hiyo. Kwa kipimo hicho, mwalimu aliyesimama kutwa nzima ameshika rundo la madaftari bila kuliinua wala kulishusha hajalifanyia kazi rundo hilo hata kidogo, mfano uliosababisha walimu kadhaa kutoka ukumbini kabla ya chai.

Kuhusu michezo, Mtaalamu aliiboresha rede. Katika rede ya kienyeji wachezaji wawili hurushiana mpira wa soksi, na wa katikati huukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa, ambalo ni somo kamili la ujazo. Katika rede iliyoboreshwa, wa katikati sharti ataje kivumishi cha Kiingereza kabla ya kukwepa. Wote walipigwa. Mwalimu wa darasa hilo, mtu asiye na nadharia yoyote, aliwaketisha watoto wawili wawili wakipeana mgongo, mmoja akieleza mchoro wa sakiti yenye betri na balbu, mwingine akiuchora bila kuuona, na darasa likazungumza Kiingereza kwa nusu saa kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kupata mchoro. Zoezi hilo halikutathminiwa, kwa kuwa halina jina.

Machungwa 40 yaliyonunuliwa kwa ajili ya kurudia jaribio yaliliwa, na yameandikwa kama upotevu wa vifaa vya utafiti. Wakati yakiliwa, yule mtoto wa «limesinki» alimfuata Mtaalamu, akamwambia kwa Kiingereza kilichonyooka, bila kuulizwa, kwamba chungwa ni tamu na kwamba kesho alete mengine makubwa zaidi. Sentensi hiyo haikuingizwa katika matokeo, kwa kuwa haikuwa na neno «float» wala «sink».