Barua kwa Ofisi Inayohusika

Kwa Ofisi Inayohusika,
S.L.P. msilolifungua,
Popote mlipo.

Kwenu waheshimiwa,

KUH: OMBI LA KUTAMBULIWA RASMI KAMA MCHEZAJI WA KULIPA

Nimewatafuta kwa miaka kumi na mmoja. Kila nilikobisha hodi, kuanzia kwa chifu hadi orofa ambayo lifti huiogopa, nimeambiwa kwa upole kwamba suala langu litashughulikiwa na ofisi inayohusika. Sijawahi kuonyeshwa mlango wenu. Lakini kwa jinsi mnavyotajwa kila mahali, nimeamini kuwa hakuna ofisi kubwa kuliko yenu nchini, na ndiyo sababu nawaandikia hadharani. Huenda mtu akawasomea.

Mimi ni mchezaji wa mpira wa kikapu, ligi ya chini. Kimo changu ni mita 1.97, na huku kwetu kimo hicho kina kazi mbili: kuchuma makadamia bila ngazi, na kujibu watu wanaouliza kama huko juu kunanyesha. Ninaishi Dallas. Nikiandika hivyo mtandaoni, jamaa walio ughaibuni hunipongeza, nami sioni haja ya kuwavunja moyo kwa kueleza kwamba ni Dallas ya hapa Embu mjini.

Shida yangu ni hii. Watangazaji husema kuna wachezaji wa ridhaa na wachezaji wa kulipwa. Nimejipima kote kuwili, sitoshei. Wa ridhaa hucheza baada ya kazi. Mimi huiomba kazi ruhusa, na kazi yenyewe ni ya ualimu wa BOM, yaani wa kuajiriwa na bodi ya shule, kwa hivyo hata ruhusa ni ya mkataba. Wa kulipwa hulipwa. Mimi nalipa. Nalipa nauli, nalipa mchango wa marefa, nalipa maji, nalipa bandeji ya kifundo cha mguu, na msimu uliopita nililipia hata mpira. Kwa hivyo naomba kundi la tatu litambuliwe kisheria: mchezaji wa kulipa. Ni herufi moja tu inayopungua, na mmewahi kutupunguzia makubwa kuliko hayo tukanyamaza.

Msinielewe vibaya. Najua njia ya kulipwa ipo. Kenya, anayetaka kula kwa kikapu sharti kwanza aajiriwe kwa jambo jingine. Ukitaka kuchezea Ulinzi Warriors, kuna jeshi. Ukitaka KPA, kuna bandari. Ukitaka timu ya Equity, kuna benki. Ni mpango mzuri sana kwa mtu aliyezaliwa karibu na bahari au na kambi. Meru hawana bandari. Embu tuna mto Rupingazi, ambao meli ya kwanza bado haijaufikia. Ilibaki njia ya chuo kikuu, nami niliipitia: miaka minne ya kupunguziwa karo, halafu siku ya mahafali nikarudisha joho na jezi kwenye meza moja. Timu za vyuo hazifi, waheshimiwa. Hufuzu tu.

Sasa niwaeleze uwanja wetu, kwa kuwa mkija mtapotea. Una goli moja. La pili liliondoka usiku mmoja kuelekea kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tulilia kidogo, kisha tukakumbuka kuwa Olimpiki ya Tokyo ilileta kikapu cha watatu kwa watatu, nusu uwanja, goli moja. Mwizi wetu alikuwa na maono ya Olimpiki. Goli lililobaki ubao wake umepinda, mpira hukwama kati yake na ringi. James Naismith alipotundika vikapu vya pichi kule Springfield mwaka 1891, mpira ukiingia mtu alipanda ngazi kuutoa. Sisi hatuna ngazi. Tuna mimi.

Mnaweza kudhani wakubwa hawajui njia ya kuja huku. Wanaijua. Kinoru pale Meru kilikarabatiwa kwa ajili ya mashindano ya soka ya CHAN ya 2018, na shirikisho la CAF walipoyahamishia Morocco, uwanja haukukaa bure: sherehe ya Madaraka ya mwaka huo ikafanyiwa hapo hapo. Embu nasi tukapata Madaraka ya 2023 kwenye uwanja wa Moi. Wenye macho tumeshagundua siri ya ujenzi wa viwanja: nyasi huota Rais akitarajiwa. Ndipo ninapoomba, bila kuwasumbua, Madaraka moja tu iadhimishwe kwenye uwanja wa kikapu. Uwanja kamili ni mita 28 kwa 15. Gwaride litakuwa fupi, askari watageuka nyuma kabla hawajaanza kwenda mbele, na wageni mashuhuri itabidi wapakatane. Lakini ringi ya pili itapatikana kufikia saa mbili asubuhi.

Kuhusu usafiri sina malalamiko, nina wivu tu. Miraa ikikatwa Igembe hufungwa kwa majani ya mgomba, hupakiwa kwa adabu, na dereva wake hukimbia kama anayekimbiza mgonjwa, kwa sababu ikichelewa inakauka na bei inaanguka. Sisi tukichelewa hakuna anayeanguka. Mechi ya Nairobi saa tatu asubuhi ina maana ya kusimama stejini saa tisa usiku, kisha kukaa kiti cha nyuma magoti yakiwa masikioni. Kwenda Meru ni zaidi ya kilomita 120 za kona: Thuci, Chuka, kisha daraja la Nithi lenye sifa ya ajali, ambapo basi zima hunyamaza na hata kocha wetu asiyeamini lolote huvua kofia. Sheria inasema timu isipofika, mwenzake hupewa ushindi wa 20 kwa 0. Tulishafungwa hivyo tukiwa karibu na Mwea, tairi likibadilishwa kati ya mashamba ya mpunga. Ndiyo mechi pekee ya msimu ambayo sikuumia.

Marekani nako wana ligi ya chini, G League, iliyoanza mwaka 2001 na timu nane. Msimu wa 2022-23 mchezaji wa kawaida wa huko alilipwa dola 40,500, na bado anahesabiwa kuwa mtu wa kuhurumiwa, anayesubiri simu ya kumpandisha juu. Nami nasubiri simu. Hiyo G ni ya Gatorade, kinywaji kinachowafadhili. Kwa utaratibu huo, yetu ingeitwa M League, kwa heshima ya mama zetu. Wangu ameuza mbuzi wawili kwa ajili ya viatu vyangu, vyote vya mtumba.

Nisije nikaonekana mchoyo wa shukrani. Mwaka 1993 Nairobi iliandaa ubingwa wa Afrika, Kenya ikamaliza ya nne, kisha taifa likapumzika miaka 28. Mwaka 2021, kule Yaoundé, Tylor Ongwae alirusha mpira wa mwisho dhidi ya Angola, wakati huo mabingwa mara 11, ukaingia: 74 kwa 73. Morans, timu yetu ya taifa, wakapata njia ya kwenda kwenye ubingwa huo kule Kigali. Siku hiyo nilishuhudia muujiza wenu, waheshimiwa: ofisi nyingi ambazo hazikuwahi kuhusika zilihusika ghafla, na pongezi zikatoka hata kwa watu wanaodhani kikapu ni cha kuendea sokoni. Ongwae wakati huo alikuwa akilipwa Denmark.

Nina miaka 31. Goti la kushoto hunitabiria mvua vizuri kuliko redio. Watoto watatu wa darasa langu wameanza kunifuata jioni. Mmoja, msichana, anarusha kwa mkono wa kushoto na hakosi. Juzi aliniuliza: mwalimu, hii kitu inalipa? Nilimwambia nitaulizia kwa ofisi inayohusika.

Wenu katika kulipa,

Nambari 14 (au 7, kama 14 haijakauka)

N.B. Mkiamua kuja kukagua, msije Jumapili, uwanja huwa na mkutano wa maombi. Na mpigieni mlinzi mapema. Ufunguo anao yeye, na yeye yuko Runyenjes hadi Jumanne.